Pozantı: wilaya ya misitu milimani Uturuki, ambako majeshi yalipita na wenyeji wakabaki

MsomaRamani

Wakuu, salaam.

Nilisoma Adana, kusini mwa Uturuki, miaka minne. Basi la kwenda Ankara nililipanda mara nyingi, na kila safari nilihakikisha nimepata kiti cha dirishani. Baada ya saa moja hivi basi linaiacha tambarare, linaanza kupanda, masikio yanaziba, na miti inabadilika huku unaitazama. Kule chini ni michungwa na mashamba. Ukipanda kidogo inaanza misonobari. Ukizidi kupanda unakutana na miti mikubwa ambayo matawi yake yamelala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyoanikwa. Basi likisimama na kondakta akafungua mlango, inaingia hewa ya baridi yenye harufu ya utomvu. Hapo umefika Pozantı.

Ni wilaya ya mkoa wa Adana, ina watu kama 20,000 tu, na mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini sijaona mahali padogo palipopitwa na watu wakubwa kiasi hiki: Aleksanda Mkuu, Khalifa al-Ma'mun, askari wa msalaba, Ibrahim Pasha wa Misri, Wajerumani na reli yao, Wafaransa, Mustafa Kemal (Atatürk, mwasisi wa Uturuki ya leo). Historia imewaandika hao. Wachunga mbuzi na wapasua mbao wa mlima ule imewapita kando, ilhali wao ndio walioijua njia. Nimefungua uzi huu kwa ajili yao. Ila kuwafikia lazima tupite kwa wakubwa kwanza, na kabla ya wakubwa, ardhi yenyewe.

Milima ya Taurus, ambayo Waturuki huiita Toroslar, imesimama kama ukuta kati ya uwanda wa juu wa Anatolia na nchi tambarare ya pwani. Mashariki ya Pozantı kuna safu ya Aladağlar, yenye vilele vinavyopita mita 3,700. Magharibi kuna Bolkar, na kilele chake kirefu, Medetsiz, kina mita 3,524. Katikati ya safu hizo ardhi imepasuka. Kuna ufa mrefu wa tetemeko unaoitwa Ecemiş, na bonde lililofuata ufa huo ndilo lililofungua njia. Pozantı imekaa bondeni humo, karibu mita 800 juu ya bahari.

Sasa tazameni mto. Çakıt unatoka upande wa uwanda, unapita Pozantı, unateremka hadi tambarare ya Adana na kuungana na mto Seyhan. Mtu angesema basi barabara iufuate mto, kazi imekwisha. Haikuwezekana. Chini kidogo ya Pozantı mto unazama kwenye korongo refu lenye kuta za mwamba pande zote mbili, na pembeni yake hapana hata nafasi ya punda mwenye mzigo. Kwa hiyo barabara ya kale iliuacha mto, ikapanda uwanda wa Tekir, mita 1,200 hivi, kisha ikateremkia kwenye mwanya mwembamba wa mwamba unaoitwa Gülek Boğazı. Wayunani na Warumi waliuita Malango ya Kilikia. Kiutawala Gülek iko wilaya ya Tarsus, mkoa wa Mersin, lakini kwa mtu wa msafara ilikuwa njia moja tu: Pozantı ni baraza, Gülek ndio mlango.

Xenophon, mwandishi wa Kiyunani aliyepita na jeshi la Koreshi Mdogo, mwana wa mfalme wa Uajemi, mwaka 401 kabla ya Kristo, aliandika kwamba njia ile ya magari ya kukokotwa ilikuwa na mteremko mkali, na kwamba jeshi lisingeweza kuingia endapo kungekuwa na mtu wa kulizuia. Shikeni maneno hayo, endapo kungekuwa na mtu wa kulizuia. Miaka 2,300 baadaye alikuwepo, nami nitafika kwake.

Kesho naendelea na habari ya maji.

Shemasi_Iringa

Mkuu, umenigusa. Tarsus hii ndiyo Tarso ya Paulo? Na Kilikia ndiyo ile ya Matendo ya Mitume?

MsomaRamani

Ndiyo hiyo hiyo, Shemasi. Tarso iko tambarareni, upande wa kusini wa mlango. Ukisoma mwisho wa Matendo 15 na mwanzo wa 16 utaona Paulo na Sila wanapita Shamu na Kilikia, halafu wanatokea Derbe na Listra. Luka hakueleza katikati pana nini. Katikati ndipo penye mlima huu. Kutoka Tarso kwenda Derbe, njia kuu ilikuwa Malango ya Kilikia. Mistari miwili ya Biblia inafunika siku kadhaa za kupanda kwa miguu, msituni, kwenye baridi. Mtoto wa Tarso kama Paulo bila shaka aliitazama milima ile kaskazini mwa mji wao tangu udogoni.

MsomaRamani

Haya, maji.

Milima hii ni ya mawe ya chokaa. Theluji ikiyeyuka haitiririki yote juu. Inapenya kwenye nyufa, inakaa gizani ndani ya mwamba, kisha inatoka chini kabisa kama chemchemi. Kando ya barabara, karibu na daraja la kale liitwalo Akköprü, ipo chemchemi ya Şekerpınarı, maana yake chemchemi ya sukari. Nilisimama hapo mwezi wa saba. Adana tulikoiacha asubuhi ile joto lilikuwa linapanda kuelekea nyuzi 40. Niliweka mkono majini nikahesabu, na kabla sijafika ishirini vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Baridi hiyo imegusa historia mara mbili tatu.

Mara ya kwanza ni mwaka 333 kabla ya Kristo. Aleksanda alikuja kutoka uwandani akapiga kambi kaskazini ya mlango. Mlango ulikuwa na walinzi wa Waajemi. Akaliacha jeshi zito nyuma na jemadari wake Parmenion, akachukua askari wepesi na wapiga upinde, akaondoka usiku. Walinzi walipogundua anakuja mwenyewe walikimbia bila kupigana, na kesho yake jeshi zima likapita. Alipofika Tarso, amechoka na anavuja jasho, akajitupa kwenye mto Kidno, ambao maji yake ni theluji ya Taurus iliyoyeyuka. Akapata homa kali, nusura afe. Tabibu Filipo akamwandalia dawa, na wakati huohuo ikaletwa barua ya Parmenion ikimwonya kwamba Filipo amehongwa ampe sumu. Aleksanda akampa tabibu barua aisome huku yeye anainywa dawa. Akapona.

Mara ya pili ni mwaka 833, na safari hii mgonjwa hakupona. Wakati huo mlima ulikuwa mpaka. Kusini, Tarsus, ilikuwa ngome ya Waislamu, imejengwa upya zama za Harun ar-Rashid. Kaskazini walikuwa Warumi wa Bizanti. Pozantı Wayunani waliiita Podandos, na Waarabu al-Budandun. Khalifa al-Ma'mun, mtoto wa Harun, alikuwa kwenye kampeni dhidi ya Warumi. Mwanahistoria at-Tabari anasimulia kwamba Khalifa alikuwa ameketi ukingoni mwa maji ya Budandun pamoja na nduguye al-Mu'tasim, miguu wameining'iniza majini, wakiyasifu kwa ubaridi na uangavu wake. Akauliza ni chakula gani kingependeza na maji kama hayo. Akajibu mwenyewe: tende mbichi za aina ya azadh. Maneno hayajakauka kinywani, zikasikika njuga za nyumbu wa posta, na juu yao vikapu vya tende, mbichi kama zimechumwa saa ileile. Wakala, wakanywa yale maji. Wote wakashikwa na homa. Wenzake walipona, Khalifa alifariki mwezi Agosti akazikwa Tarsus.

Mimi nadhani nusu ya uzito wa kisa hiki iko kwenye njuga za nyumbu. Dola iliyoweza kumletea mtu tende mbichi mlimani, kwenye mpaka wa vita, haikuweza kumkinga na homa.

Ustadh wa Tanga

Assalaam alaykum. Mwandishi, hapo umeacha kitu kikubwa, niruhusu nikiongeze.

Al-Ma'mun ndiye aliyeanzisha mihna, mtihani wa kuwalazimisha wanazuoni wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa. Akafungwa minyororo pamoja na Muhammad bin Nuh, wakapelekwa kwa Khalifa huko huko Tarsus. Walikuwa bado njiani, upande wa Raqqa, ndipo habari za kifo zikafika, wakageuzwa kurudi Baghdad. Bin Nuh alifia njiani akiwa na pingu. Imam Ahmad akafungwa, baadaye akapigwa mijeledi zama za al-Mu'tasim, yule aliyekuwa ameketi na nduguye ukingoni mwa maji.

Sisi tumesoma mihna tangu madrasa, lakini sikuwahi kujua kijito alichokaa Khalifa kinaitwaje leo. Allah akulipe.

MsomaRamani

Wa alaykum salaam, Ustadh. Shukrani sana. Sikuwa nimeziunganisha habari hizi mbili: huku mtu anasukumwa kwa minyororo kuelekea mlimani, kule aliyemwita anatamani tende.

Niongeze la mpaka, kwa sababu ndipo mlima unaonekana ulivyotumika. Upande wa Warumi, kaskazini ya Pozantı, kulikuwa na ngome juu ya kilele iitwayo Loulon. Waarabu waliiita Lu'lu'a, yaani lulu. Al-Ma'mun aliizingira mwaka 832. Zama za mfalme Theophilos, ngome hiyo ilikuwa mwanzo wa mnyororo wa moto wa ishara. Mlinzi akiona jeshi la Waislamu linatoka mlangoni, anawasha moto. Kilele kinachofuata kinauona, nacho kinawasha, hadi kituo cha tisa, ndani ya ikulu ya Konstantinopoli, umbali wa zaidi ya kilomita 700. Habari ilifika kwa muda wa saa moja hivi. Mtaalamu wa hesabu, Leo, alitengeneza saa mbili za maji zinazokwenda sawasawa, moja Loulon na moja ikulu, ili saa ambayo moto umewashwa iwe ndiyo ujumbe: saa fulani maana yake uvamizi, saa nyingine maana yake vita. Simu ya moto, na mwanzo wake ni kilele cha jirani na Pozantı.

Na Tarsus nako kulikuwa na mabweni ya wapiganaji kutoka kila pembe ya nchi za Kiislamu, kuanzia Sijistan hadi Maghribi, Misri na Yemen. Kila mji uliwatuma vijana wake na fedha za kuwatunza. Hali ikawa hivyo mpaka mwaka 965, Nikephoros Phokas, mfalme wa Bizanti, alipouteka mji.

Mara ya tatu ya maji inahusu njia nyingine, magharibi zaidi kwenye milima hiyohiyo. Mfalme Frederick Barbarossa wa Wajerumani, akiongoza vita vya msalaba, alizama kwenye mto Göksu tarehe 10 Juni 1190, na jeshi lake likasambaratika.

Kijana wa Eldoret

Niko kiti cha mbele kabisa hapa. Swali: ile miti ya matawi kama mikeka ni gani? Nimewahi kuona picha ya mierezi ya Lebanoni, ni kama hiyo. Lakini mierezi si iko Lebanoni?

MsomaRamani

Ndugu, umeitambua vizuri. Ni mierezi yenyewe ya Lebanoni, ile ya hekalu la Suleimani. Na habari inayowashangaza wengi ni kwamba misitu mikubwa zaidi ya mwerezi huu duniani haiko Lebanoni. Iko kwenye milima ya Taurus, Uturuki. Lebanoni ilikatwa miaka maelfu, vikabaki vichaka vichache vya mierezi. Taurus ilikuwa mbali na bandari na njia zake mbaya, ndiyo maana ikabakiza.

Mpangilio wa miti ni huu. Chini, hadi mita 1,200 hivi, ni msonobari ambao Waturuki huuita kızılçam. Ukipanda unakuta msonobari mweusi, mwerezi, na mti mwingine wa jamii ya ule wa Krismasi wa Ulaya, ambao wataalamu wameupa jina la Kilikia yenyewe. Karibu na mita 2,000 miti mirefu inakoma. Mingine inayobaki imepindapinda kwa upepo: hiyo ni ndugu wa karibu wa mtarakwa wenu wa nyanda za juu za Kenya. Ukipasua kijiti chake, harufu ni ileile ya penseli iliyochongwa.

Miti hii imetafutwa na kila mwenye merikebu. Antoni, jemadari wa Kirumi, alimpa Kleopatra sehemu ya pwani ya Kilikia, na Strabo, mwanajiografia wa kale, anaeleza kuwa sababu ni mbao za mierezi kwa ajili ya meli zake. Karne nyingi baadaye, Muhammad Ali, mtawala wa Misri, naye alikuwa na kiu hiyohiyo, maana Misri haina msitu. Mwanawe Ibrahim Pasha aliwashinda Waosmani huko Konya Desemba 1832. Mapatano ya Kütahya ya mwaka 1833 yakampa Adana, akajenga ngome pale mlangoni, na magogo ya Taurus yakateremshwa kwenda Misri kujenga meli za vita. Mwaka 1840 akaondoka.

Sasa na wenyeji waingie, ndipo mahali pao. Wako Wayörük, wafugaji wa kuhamahama, mahema yao meusi yamefumwa kwa manyoya ya mbuzi. Kipupwe wako chini tambarareni, kiangazi wanapanda na mifugo kwenda yayla, malisho ya juu. Na wako Tahtacı, jina ambalo maana yake ni watu wa mbao. Hao ni Waalevi, dhehebu lenye mizizi ya Kishia, walioishi msituni kizazi baada ya kizazi, wakikata na kupasua magogo. Mzee wa Kitahtacı anaugonga mti kwa kisogo cha shoka na kujua kwa mlio kama ndani umeoza. Meli za wakubwa zote hizo ziliombwa na wafalme, lakini magogo yaliteremshwa na watu kama hawa.

MamaMisitu

Mwandishi, mimi nipo Mufindi, kazi yangu ni miche. Naomba kujua: mwerezi wanaupandaje juu ya mawe ya chokaa? Sisi hapa tunapanda mipaina kwenye udongo mzuri na bado kiangazi kinatutesa.

MsomaRamani

Dada, swali zuri mno, na jibu lake ndilo nililolipenda kuliko mengine yote.

Mlima wa chokaa uliokatwa miti hubaki mwamba mtupu wenye nyufa. Miche ya kitalu huko inakufa, na mashine haipandi. Wataalamu wa misitu wakaangalia mwerezi wenyewe unavyojizalisha: koni yake haidondoki nzima kama ya msonobari, inasambaratika mtini, na mbegu zenye mbawa hupeperushwa zikatua juu ya theluji. Wakaiga. Wanakusanya mbegu, halafu wakati wa baridi wanapanda mlimani na kuzinyunyiza kwa mkono juu ya theluji, kama mtu anayepanda ulezi. Theluji inazikinga na ndege na panya, baridi inaziamsha, na theluji ikiyeyuka inazishusha polepole kwenye nyufa, kule kwenye kiganja cha udongo na unyevu. Mzizi unafuata ufa kwenda chini. Maeneo makubwa yaliyokuwa mawe meupe sasa yana mierezi michanga.

Sheria ya misitu ya 1937 na utaifishaji wa 1945 viliiweka misitu karibu yote chini ya serikali. Kwa mbuzi wa Wayörük hiyo ilikuwa habari mbaya, kwa miche ilikuwa habari njema. Watu wa mlimani wanaweza kukueleza pande zote mbili kwa uchungu, na mimi naona wote wana haki.

Mjukuu wa Reli

Mkuu, umetaja Wajerumani na reli. Babu yangu alifanya kazi reli ya kati, Tabora. Hao ni Wajerumani walewale?

MsomaRamani

Ndiyo, na nafurahi umeuliza. Reli ya kati yetu, Dar es Salaam hadi Kigoma, ilijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, kuanzia 1905, ikafika Kigoma 1914. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mkandarasi mkubwa wa reli ya Baghdad iliyopita Pozantı. Na benki iliyokuwa nyuma ya zote mbili ni Deutsche Bank. Miaka ambayo mataruma yanalazwa kuelekea Tabora na Kigoma, baruti ililipuliwa Taurus.

Kumbuka lile korongo la Çakıt ambalo barabara ililikimbia. Treni haiwezi kupanda Tekir, kwa hiyo wahandisi walirudi mtoni wakatoboa kuta za korongo: handaki baada ya handaki. Kambi yao kuu ilikuwa Belemedik, ndani ya wilaya hii; palikuwa mji mzima wa Kijerumani msituni, wenye hospitali. Leo ukifika unakuta kuta zilizoezuliwa na miti imeota ndani yake. Reli ikitoka korongoni inavuka daraja la Varda, wilaya jirani ya Karaisalı: mawe, mita 98 kutoka chini, urefu mita 172.

Hapa inabidi niseme na mabaya. Reli ilifika Pozantı 1912, lakini upande wa pili haukuwa tayari vita vilipoanza 1914. Kwa hiyo Pozantı ikawa mwisho wa treni. Mwaka 1915 Waarmenia waliofukuzwa makwao magharibi mwa Anatolia walipakiwa kwenye mabehewa hadi hapa, wakateremshwa, wakasukumwa kwa miguu kupita mlima kuelekea Syria. Familia nzima nzima, na wengi hawakufika. Milima hii karne kadhaa nyuma ilikuwa na ufalme wa Waarmenia wa Kilikia, na ngome ya Gülek ilikuwa yao. Mwaka uliofuata, Waingereza na Wahindi waliotekwa Kut, Iraki, Aprili 1916, nao waliletwa Taurus na safu ya jirani ya Amanus kuchimba mahandaki, na maradhi yakawamaliza wengi. Treni kamili ikaanza kupita mahandaki ya Taurus Oktoba 1918. Mwezi huohuo, tarehe 30, Waosmani wakasalimu amri. Wote waliofia mahandakini walifia reli ambayo haikuwahi vita.

Mjukuu wa Reli

Babu alikuwa akituambia reli imelaliwa na watu. Nilidhani ni maneno ya wazee. Ahsante mkuu, sina la kuongeza.

MsomaRamani

Pole na ahsante, ndugu. Namalizia na yule niliyeahidi.

Baada ya vita Wafaransa walishika Kilikia na kuweka batalioni Pozantı, chini ya Meja Mesnil. Waliishika kwa sababu ileile ya Aleksanda na Khalifa: mwenye Pozantı ana mlango. Masika ya 1920 wapiganaji wa Kituruki waliwazingira, chakula kikapungua, na mwisho wa Mei Mesnil akaamua kuvunja mzingo na kuteremka Tarsus. Barabara kuu ilikuwa imezibwa. Kwa hiyo ilibidi apite msituni, na msitu hakuujua.

Wenyeji wanasimulia kuwa aliyewaongoza ni mwanamke wa huko, anayekumbukwa kwa jina la Kılavuz Hatice, yaani Hatice mwonyesha njia. Aliwapitisha alikotaka yeye, wakazidi kuingia ndani badala ya kutoka, mpaka wakajikuta katika bonde la Karboğazı, wamezungukwa na mwamba. Juu ya mwamba walikuwa wanakijiji, kundi dogo sana wakilinganishwa na batalioni. Lakini kwenye bonde, bunduki chache zinazotoka kila upande zinasikika kama jeshi. Tarehe 28 Mei 1920 batalioni ikasalimu amri. Xenophon alikuwa amesema endapo kungekuwa na mtu wa kuzuia.

Tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mustafa Kemal alikuja kwa treni, mkutano ukafanyika, na Pozantı, kijiji kile, ikawa makao ya muda ya mkoa wa Adana. Wafaransa waliondoka Adana mwanzoni mwa Januari 1922.

Shemasi_Iringa

Mungu akubariki kwa kazi hii. Na leo watu wa hapo wanaishije?

MsomaRamani

Shemasi, siku hizi barabara kuu ya kulipia inapita juu kwa juu, malori yanaunguruma usiku kucha kwenda Ankara, na wengi hawajui wamepita wapi. Lakini kiangazi kikianza, Adana inahama. Watu wanafunga nyumba, wanapakia magodoro juu ya gari, wanapanda Tekir na Bürücek kukaa kivulini mwa misonobari mpaka joto lipungue. Wayörük walipanda na mbuzi, hawa wanapanda na friji, ila mwezi ni uleule na njia ni ileile.

Kiangazi cha mwisho kabla sijarudi nyumbani, rafiki yangu alinipeleka kwa bibi yake huko juu. Nilimwamkia kwa kubusu mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso, kama ilivyo desturi yao. Akatuletea karsambaç. Ni theluji halisi, inayoletwa kutoka mashimo ya kivulini mlimani ambako haiyeyuki kiangazi chote. Alikuwa nayo bonge zima ndani ya gunia. Akaiparua kwa kijiko cha chuma mpaka bakuli likajaa, ikawa inametameta kama chumvi ya mawe, kisha akaimiminia asali ya zabibu, nyeusi, nzito. Ile asali ilishuka polepole ikichora njia yake ndani ya weupe. Ladha yake ilikuwa ya moshi kidogo na msonobari kidogo.

Akaniuliza, mwanangu, kwenu kuna milima? Nikamwambia ipo, na mmoja una theluji juu yake mwaka mzima.

Akafurahi, akasogeza kiti.

"Na nyinyi theluji yenu mnaila na nini?"